Maria Mitchell (1818–1889): mtaalamu wa nyota aliyewafundisha wasichana kuhesabu na kuangalia

Maria Mitchell alikuwa mtaalamu wa nyota wa Marekani, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mwalimu wa elimu hiyo katika Chuo cha Vassar, jimbo la New York. Wengi wanamjua kwa sababu ya nyota yenye mkia aliyoivumbua mwaka 1847. Lakini wale waliosoma kwake walimkumbuka zaidi kama mwalimu. Aliwaweka wasichana mbele ya darubini na mbele ya karatasi ya hesabu wakati watu wengi walisema kwamba akili ya mwanamke haiwezi kubeba mzigo huo.

Jambo moja lielezwe kwanza, kwa maana neno la Kiswahili linaweza kuleta mashaka kanisani. Hatusemi hapa juu ya unajimu wa kutabiri bahati ya watu. Elimu ya nyota anayohusika nayo Maria Mitchell ni ile ya kupima jua, mwezi, sayari na nyota: ziko wapi, zinakwenda kwa njia gani, zitaonekana saa ngapi. Ni kazi ya macho na ya hesabu.

Kisiwa cha wavuvi wa nyangumi

Maria alizaliwa tarehe 1 Agosti 1818 katika kisiwa cha Nantucket, mbele ya pwani ya jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto kumi wa William Mitchell na Lydia Coleman. Jamaa yake walikuwa wa Chama cha Marafiki, wanaoitwa pia Kwakeri, kanisa ambalo leo lina waumini hata kwetu katika Kivu ya Kusini. Marafiki walivaa nguo za kawaida, hawakutaka muziki nyumbani, na walipinga utumwa. Walikuwa pia na desturi iliyokuwa ngeni kwa watu wengi wa wakati ule: msichana alifundishwa sawa na mvulana.

Watu wa Nantucket waliishi kwa kuwinda nyangumi. Mafuta ya mnyama huyo mkubwa ndiyo yaliyowaka katika taa za miji mingi. Meli zilitoka kisiwani zikaenda mpaka bahari ya Pasifiki, zikakaa huko miaka miwili, mitatu, au zaidi. Kwa hiyo hesabu ya nyota haikuwa mchezo wa wasomi. Baharia asiyejua mahali alipo alikufa, na pamoja naye watu wote wa melini.

Kujua umbali wa kaskazini au kusini hakukuwa vigumu sana: baharia alipima urefu wa jua saa sita mchana, au wa nyota usiku. Shida ilikuwa kujua umbali wa mashariki au magharibi. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja. Kama baharia anajua ni saa ngapi mahali alipo, na anajua pia ni saa ngapi katika mji fulani unaojulikana, tofauti ya saa inamwonyesha umbali wake. Kwa hiyo kila meli ilibeba saa maalum, kronometa, iliyotunza saa ya mji ule. Kama saa hiyo imekosea sekunde 4 tu, meli iliyo karibu na ikweta imekosea mahali pake kwa karibu kilometa 2. Ikikosea dakika 4, kosa ni zaidi ya kilometa 110. Hiyo inatosha kuipeleka meli juu ya mwamba.

William Mitchell ndiye aliyesahihisha saa za meli za Nantucket kwa kuangalia nyota kutoka nyumbani kwake. Maria akawa msaidizi wake. Alipokuwa na miaka 14, manahodha walikuwa wanamwachia yeye kazi ya kusahihisha kronometa zao.

Tarehe 12 Februari 1831 jua lilipatwa juu ya Nantucket. Baba alikaa kwenye darubini iliyowekwa dirishani, na Maria, mwenye miaka 12, alisimama na saa akihesabu sekunde. Kwa vipimo vile walitafuta mahali kamili pa nyumba yao katika ramani ya dunia. Wale kati yetu walioona kupatwa kwa jua kulikopita kaskazini mwa nchi yetu tarehe 3 Novemba 2013 wanajua jinsi jambo hilo linavyopita haraka. Anayehesabu hapaswi kuinua macho. Mtoto huyu alihesabu mpaka mwisho.

Shule ndogo, kisha maktaba

Maria alisoma katika shule ya Cyrus Peirce, mwalimu ambaye baadaye, mwaka 1839, aliongoza shule ya kwanza ya serikali ya kutayarisha walimu katika Marekani. Akiwa na miaka 16 alikuwa msaidizi wake. Mwaka 1835, akiwa na miaka 17, alifungua shule yake mwenyewe. Aliwapokea pia watoto weusi, na hilo lilikuwa jambo la ujasiri, kwa sababu shule za serikali za kisiwa zilikuwa bado zinawatenga watoto kwa rangi ya ngozi.

Shule hiyo haikudumu. Mwaka 1836 Maria alipewa kazi ya kutunza maktaba mpya ya mji, iliyoitwa Atheneum. Alikaa hapo karibu miaka 20. Ilikuwa chuo kikuu chake, kwa maana wakati ule hakuna chuo kikuu cha Marekani ambacho kingemfundisha msichana elimu ya nyota. Wasomaji walipokuwa wachache, alifungua vitabu vikubwa vya hesabu: kazi ya Laplace juu ya mwendo wa sayari, kama ilivyotafsiriwa na Nathaniel Bowditch, na kitabu cha Gauss juu ya kutafuta njia ya sayari na nyota zenye mkia. Hakuwa na mtu wa kumweleza kurasa ngumu. Alizirudia mpaka zikafunguka.

Katika ukumbi wa maktaba ile ile, mwezi wa Agosti 1841, Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani, alisimama kuhutubia mkutano wa wapinga utumwa. Hotuba hiyo ilimfanya ajulikane. Maria alikuwa upande huo huo. Inasimuliwa kwamba aliacha kuvaa nguo za pamba, kwa sababu pamba ilivunwa kwa mikono ya watumwa.

Mwaka 1843 alitengana na Marafiki. Aliwaambia wajumbe wa kanisa kwamba moyo wake haukuwa na hakika juu ya mambo kadhaa ya mafundisho, nao wakaliondoa jina lake. Baadaye aliabudu na Waunitari, bila kujiandikisha kwao kama mshiriki kamili. Hakuacha kumsema Mungu. Aliandika kwamba kila kanuni ya hesabu inayoeleza sheria ya maumbile ni wimbo wa kumsifu Mungu. Kwake yeye, kukagua kazi ya Muumba kwa uangalifu ilikuwa heshima kwa Muumba. Alikataa tu kusema kwamba ana hakika pale ambapo hana.

Nyota yenye mkia ya mwaka 1847

Mwaka 1836 baba yake aliajiriwa katika benki ya Nantucket, na jamaa yote ikahamia katika jengo la benki. Juu ya paa walijenga chumba kidogo cha kuangalia nyota. Karibu kila usiku ambao mbingu ilikuwa safi, Maria alipanda juu.

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847 kulikuwa na wageni nyumbani. Maria aliwaacha mezani, akapanda. Karibu saa nne na nusu aliona katika darubini doa la nuru hafifu, si mbali na nyota ya kaskazini. Alikuwa ameizoea sehemu hiyo ya mbingu, na alijua kwamba hapo hapakuwa na kitu. Alimwita baba yake. William alisema papo hapo kwamba ni nyota yenye mkia, na alitaka kutangaza. Maria alisita, alitaka kwanza kuwa na hakika. Tarehe 3 Oktoba baba aliandika barua kwa William Bond, mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard.

Siku ile ile ya tarehe 3, Padri Francesco de Vico aliona nyota hiyo huko Roma, naye akatoa habari mapema katika Ulaya. Sasa mfalme wa Denmark alikuwa ameahidi medali ya dhahabu kwa mtu wa kwanza kuvumbua nyota mpya yenye mkia kwa darubini. Sharti lilikuwa kwamba mvumbuzi apeleke habari mara moja, kwa posta ya kwanza. Maria alikuwa wa kwanza kuona, lakini hakutimiza sharti la barua. Edward Everett, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kumtetea, akionyesha ushahidi wa tarehe. Mwaka 1848 Denmark ilikubali, na medali ikaja Nantucket.

Maria hakukaa tu na medali. Alipima mahali pa nyota ile usiku baada ya usiku, kisha akahesabu mwenyewe njia yake kulizunguka jua. Mwaka 1848 Akademia ya Sanaa na Sayansi ya Marekani ilimchagua kuwa mwanamke wa kwanza katika safu zake. Wanawake wengine hawakuchaguliwa mpaka mwaka 1943, miaka 95 baadaye.

Kuhesabu kwa mshahara

Mwaka 1849 serikali ya Marekani ilianzisha kitabu chake cha kila mwaka cha mabaharia, chenye majedwali ya mahali pa jua, mwezi, sayari na nyota kwa kila siku. Kabla ya hapo walitegemea kitabu cha Waingereza. Kazi ya kutayarisha majedwali iligawanywa kati ya watu wachache walioitwa kwa jina la kazi yao, wahesabuji. Maria alipewa sayari ya Zuhura, ile tunayoiona iking'aa magharibi baada ya jua kutua au mashariki kabla ya mapambazuko. Alilipwa dola 300 kwa mwaka, akafanya kazi hiyo nyumbani kwa miaka 19.

Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na kalamu, majedwali ya logariti na macho. Kosa moja katika safu ya juu lilishuka mpaka mwisho wa ukurasa, na kutoka ukurasani lingeweza kufika baharini. Maria alijua kutoka utoto wake ni nani anayelipia kosa la namna hiyo.

Safari ya Ulaya

Mwaka 1857 alikwenda Ulaya, kwanza akimsindikiza msichana wa tajiri mmoja wa Chicago. Jina lake lilikuwa limemtangulia. Huko Greenwich alipokelewa na George Airy, mkuu wa kituo cha nyota cha kifalme cha Uingereza. Katika Paris alikutana na Le Verrier, ambaye kwa hesabu peke yake alionyesha mahali ambapo sayari ya Neptune ilikutwa mwaka 1846. Katika Florence alimtembelea Mary Somerville, mwanamke mzee wa Scotland aliyeandika vitabu vya sayansi vilivyosomwa Ulaya yote. Mkutano huo ulimgusa sana: hapa kulikuwa na mwanamke aliyefika mbali katika hesabu bila kuomba msamaha kwa mtu.

Katika Roma aliomba kutembelea kituo cha nyota cha mapadri Wajesuti, kilichoongozwa na Padri Angelo Secchi. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia humo, kwa hiyo ilibidi ruhusa ya pekee itoke juu. Ruhusa ilikuja, lakini Maria alitakiwa kuondoka kabla ya giza. Mtaalamu wa nyota aliruhusiwa kuingia katika nyumba ya nyota, ila si wakati nyota zinapoonekana.

Aliporudi, wanawake wa Marekani, wakiongozwa na Elizabeth Peabody, walichanga pesa wakamnunulia darubini kutoka kwa fundi maarufu Alvan Clark. Mwaka 1861 mama yake alifariki, na Maria na baba yake wakahamia mji wa Lynn.

Chuo cha Vassar

Matthew Vassar alikuwa tajiri aliyepata mali yake kwa kutengeneza bia katika mji wa Poughkeepsie. Hakuwa na mtoto. Aliamua mali yake ijenge chuo cha wasichana ambacho masomo yake yangelingana na vyuo bora vya wavulana. Chuo kilifunguliwa Septemba 1865. Kati ya walimu wakuu tisa wa kwanza, wanawake walikuwa wawili tu: Maria Mitchell na daktari Alida Avery. Maria hakuwa na diploma ya chuo chochote. Alikuwa na kazi zake.

Kwa ajili yake palijengwa kituo cha nyota chenye darubini ya Henry Fitz, yenye kioo cha upana wa inchi 12, ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa ya tatu kwa ukubwa katika Marekani. Maria na baba yake mzee waliishi ndani ya kituo hicho. Baba alikufa hapo mwaka 1869.

Namna yake ya kufundisha haikufanana na ile ya shule nyingi, ambamo mwalimu alisoma, mwanafunzi akakariri, na mtihani ukauliza maneno yale yale.

Kwanza, hakutoa pointi. Alisema kwamba hawezi kuipima akili ya mtu kwa namba. Hakupiga pia majina kuona nani amekuja. Aliona kwamba mwanafunzi anayekuja kwa kuogopa pointi anajifunza kuogopa tu.

Pili, alitaka macho ya mwanafunzi mwenyewe. Msichana alipotoa jibu zuri, Maria aliweza kumwuliza kama amelisoma kitabuni au ameliona yeye mwenyewe. Swali hilo lilibaki katika kumbukumbu zao maisha yote. Aliwatoa nje usiku, hata pale ambapo kanuni za chuo zilitaka wasichana wawe wamelala, kwa maana mbingu haifuati kengele ya shule.

Tatu, hakutenga hesabu na kitu kinachohesabiwa. Wanafunzi wake walipaswa kuwa na msingi imara wa aljebra, jeometri na trigonometria, kwa sababu baada ya kuangalia walikaa chini kuhesabu: mahali pa sayari, saa ya kupatwa kwa jua, njia ya nyota yenye mkia. Kisha walirudi kwenye darubini kuona kama hesabu imesema kweli. Mwanafunzi aliyekosea alionyeshwa kosa lake na mbingu yenyewe, na mwalimu hakuwa na haja ya kumwaibisha. Tangu mwaka 1873 wanafunzi walipiga picha za jua mara kwa mara na kufuata madoa yake.

Nne, aliwatendea kama wenzake katika kazi. Vipimo vyao vilikuwa vipimo vya kweli. Aliwaambia pia kwamba hesabu na mantiki peke yake hazitoshi. Sayansi inahitaji mawazo yenye mabawa na jicho la kupenda uzuri. Kila mwaka alifanya karamu chini ya kuba ya darubini, ambapo mwalimu na wanafunzi walitungiana mashairi ya kuchekesha.

Sindano na darubini

Hoja moja ya Maria Mitchell inastahili kukumbukwa. Watu walisema kwamba kazi ya mwanamke ni kushona. Yeye alijibu kwa njia mbili.

Upande mmoja alisema kwamba sindano ilikuwa mnyororo wa mwanamke, na ilimfunga kuliko sheria za nchi, kwa sababu ilimnyang'anya saa zote za kusoma. Hakudharau kushona, alihesabu tu saa zilizopotea.

Upande wa pili alionyesha kwamba mkono uliozoea sindano unafaa sana kwa sayansi. Ndani ya darubini ya kupimia kulikuwa na nyuzi za buibui zilizotandazwa kama msalaba, na mpimaji alipaswa kuileta nyota kamili juu ya uzi huo. Uzi ukikatika, mtu alipaswa kuuweka mwingine kwa vidole vyake. Maria aliifanya kazi hiyo mara nyingi. Aliuliza: jicho linaloona kosa dogo katika mshono, kwa nini lisione kosa dogo katika kipimo?

Mshahara

Baada ya miaka michache Vassar, Maria aligundua kwamba alilipwa chini ya walimu wanaume wenye umri mdogo na sifa ndogo kuliko yeye. Daktari Avery alikuwa katika hali hiyo hiyo. Wanawake hao wawili walipeleka madai yao kwa wakuu wa chuo. Mshahara ukaongezwa. Maria hakuona kwamba kudai haki ni kukosa unyenyekevu. Alisema wazi kwamba chuo kinachowaambia wasichana kuwa akili yao ina thamani hakiwezi kuwalipa walimu wao wanawake kana kwamba haina.

Alipeleka shauri hilo hilo nje ya chuo. Alikuwa kati ya waliounda Chama cha Kuwaendeleza Wanawake mwaka 1873, akawa rais wake katikati ya miaka ya 1870, na aliongoza kamati yake ya sayansi kwa miaka mingi. Kamati hiyo ilikusanya habari juu ya wanawake waliofanya kazi za sayansi na nafasi walizopewa au kunyimwa.

Colorado, 1878

Mwaka 1869 Maria aliwapeleka wanafunzi wake mpaka Burlington, jimbo la Iowa, kuona kupatwa kwa jua. Lakini safari iliyosimuliwa zaidi ni ile ya mwaka 1878. Tarehe 29 Julai jua lingepatwa kabisa juu ya milima ya magharibi. Maria, mwenye karibu miaka 60, alikusanya kikundi kidogo cha wanawake, wengi wao wanafunzi wake wa zamani, wakapanda treni mpaka Denver.

Njiani kampuni mbili za reli zilikuwa zinagombana juu ya njia, na mizigo yao yenye vioo vya darubini ikabaki nyuma. Siku zilipita, mvua ikanyesha. Mizigo ilifika kabla ya siku yenyewe. Walisimamisha darubini zao kwenye kilima nje ya mji, kila mmoja na kazi yake: mmoja anahesabu sekunde, mwingine anachora, wengine wanaangalia. Giza lilidumu chini ya dakika tatu. Wakati huo madaktari mashuhuri walikuwa wanaandika kwamba masomo makubwa yanaharibu afya ya wasichana. Wanawake hawa walikuwa wamevuka nusu ya bara, wakasimama juani na saa mkononi, na wakaleta vipimo vyao nyumbani.

Wanafunzi wake

Mwalimu hupimwa pia kwa wale anaowaacha. Mary Watson Whitney alichukua nafasi yake Vassar mwaka 1888 na kuendeleza kituo cha nyota. Ellen Swallow Richards aligeukia kemia, akawa mwanamke wa kwanza kuingia Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, na kazi yake juu ya usafi wa maji ilisaidia afya ya miji. Antonia Maury alifanya kazi Harvard ya kupanga nyota kwa mwanga wake.

Christine Ladd-Franklin alikuwa mwanahesabu na mtaalamu wa mantiki. Alimaliza kila sharti la udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1882, lakini chuo hakikutoa shahada hiyo kwa mwanamke. Alipewa mwaka 1926, akiwa na miaka 78.

Na Margaretta Palmer alipata udaktari wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1894. Somo alilochagua lilikuwa kuhesabu upya, kwa vipimo vyote vilivyopatikana, njia ya nyota yenye mkia ya mwaka 1847, ile ile ambayo mwalimu wake aliiona kutoka paa la benki.

Mwisho wa safari

Maria Mitchell aliacha kazi mwanzoni mwa mwaka 1888 kwa sababu ya afya, akarudi Lynn. Alifariki tarehe 28 Juni 1889, akazikwa Nantucket karibu na wazazi wake. Hakuolewa. Mwaka 1902 chama kilichobeba jina lake kiliundwa kisiwani, na nyumba aliyozaliwa inatunzwa mpaka leo. Shimo moja kubwa juu ya mwezi linaitwa Mitchell.

Neno kwa shule zetu

Makanisa yetu yanabeba shule nyingi katika nchi hii, na kila mwaka wazazi wanakaa na mtoto wao kuchagua tawi la masomo ya sekondari. Mara nyingi uamuzi juu ya msichana unakatwa kabla hajaulizwa: hesabu na fizikia ni kwa kaka yake, yeye aende kushona. Kushona ni kazi ya heshima, na Maria Mitchell mwenyewe alijua kushona. Swali lake lilikuwa lingine: nani alimpima huyu mtoto, na kwa kipimo gani?

Hakuanza na darubini kubwa. Alianza na baba aliyemwita karibu, akampa saa mkononi, akamwambia ahesabu, na akaziamini hesabu zake. Hilo halihitaji maabara. Usiku ambapo umeme hakuna na mawingu yameondoka, mbingu ya Kivu, ya Ituri au ya Katanga iko wazi kwa mtoto yeyote anayetolewa nje na kuulizwa anaona nini.

Tarehe za kukumbuka

1818: anazaliwa Nantucket.
1831: anahesabu sekunde wakati wa kupatwa kwa jua.
1835: anafungua shule yake.
1836: anaanza kazi ya maktaba.
1847: anavumbua nyota yenye mkia.
1848: anaingia Akademia ya Sanaa na Sayansi ya Marekani.
1849: anaanza kuhesabu majedwali ya Zuhura.
1857: anasafiri Ulaya.
1865: anaanza kufundisha Vassar.
1878: anaongoza safari ya Denver.
1888: anaacha kazi.
1889: anafariki Lynn.